Kabati la Mama Cherehani

Siku Vanishi alipoliona kabati lile, hakuwa na suruali. Suruali yake pekee ya suti ilikuwa chini ya sindano ya Mama Cherehani, mjane aliyeshonea watu nguo sebuleni kwake, ikizibwa mpasuko wa nyuma. Mwenyewe alikuwa kajifunga kipande cha pazia, katulia kitini kama mtu anayesubiri kula kiapo. Na tapeli asiye na suruali, tukubaliane, hana la kufanya ila kutazama huku na huku.

Macho yake yakatua kwenye kabati la vyombo. Lilikuwa refu karibu lifike darini, rangi ya kahawia imefifia, vioo vyake vya kusukuma vimekwama, na ndani vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Mgongo umeegemea ukuta. Rafu zimebandikwa karatasi za maua. Mtu mwingine angeona mzigo. Vanishi akajifanya anajinyoosha, na kwa ukucha wa kidole gumba akakwangua ukingo wa mlango. Chini ya rangi kuukuu mbao ikamcheka kwa rangi ya dhahabu. Mvule!

 Mwenye duka la mbao mtaa wa pili alikuwa akiulilia mvule wa zamani kama mtoto anavyolilia ziwa la mama.

"Mama," alisema, kwa sauti ile iliyompa jina, maana ilimeremeta hata juu ya ufa, "usinielewe vibaya, lakini hili kabati linazeesha."

"Linanizeesha mimi au linazeesha sebule?"

"Yote mawili. Mteja akiingia akaliona hili, anadhani na mishono yako ni ya zama zile."

Mama Cherehani akasimamisha mashine. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Una bahati. Mimi ni fundi wa kufufua samani." Juzi alikuwa fundi wa friji, na mwezi uliopita dalali wa viwanja, lakini kisichobadilika ni jiwe. "Nitalipaka rangi, liwe la kisasa. Bure kabisa, najitangaza. Ukilipenda, heri. Usipolipenda, nitaliondoa mwenyewe nikuletee jipya la dukani, lenye taa ndani."

"Lenye taa?"

"Taa, mama."

Hesabu yake ilikuwa hii: mtu ukimwomba kitu chake, atakuuliza una nia gani. Lakini akishakichukia, atakusaidia kukibeba mpaka barabarani. Kazi ya Vanishi basi ilikuwa kulipaka kabati lile vibaya hata mama mwenyewe ashindwe kulitazama. Hizo taa, bila shaka, hakukusudia kuzinunua.

Kesho yake akaja na makopo matano ya rangi, mabaki ya nyumba za watu, akayamimina yote kwenye ndoo moja. Ikatoka rangi isiyo na jina, kijani kilichougua nyongo. Fundi wa kweli angepiga msasa kwanza, apake rangi ya chini, asubiri ikauke. Vanishi hakufuta hata vumbi, asije akauumiza mvule wake. Alipaka juu ya vumbi, juu ya bawaba, na nzi mmoja aliyetua vibaya akapakwa akabaki hapo. Vishikio vya shaba aliving'oa, mahali pake akapigilia vijiko vilivyopindwa.

"Tayari, mama."

Mama Cherehani akalitazama juu mpaka chini. Akashika kifua. Vanishi akajiandaa kupokea matusi kwa unyenyekevu.

"Mwanangu," alisema mama, "nimelipenda."

"Umelipenda?"

"Sana. Kama jani changa!"

Akamwita shoga yake, muuza mboga wa mlango wa pili. Shoga akaingia, akaona, akafungua mdomo. Mama Cherehani akamkazia jicho.

"Ni... kabati," alisema shoga. "Ukishaliona, hulisahau."

Siku ya pili Vanishi akarudi "kumalizia". Akalitia madoa ya zambarau toka juu mpaka chini. Mama akapiga kigelegele. Vanishi akang'oa vioo vyote. Mama akasema, "Afadhali, sasa linapumua." Huku nyuma mwenye duka la mbao, ambaye Vanishi alikwisha kumwahidi mzigo, alikuwa hatulii: "Mvule wangu uko wapi? Au unanichezea?"

Siku ya tatu Vanishi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze kazi. Akaikashifu bidhaa yake mwenyewe.

"Mama, tuseme ukweli. Ni baya."

"Si baya."

"Mimi ndiye fundi! Nakwambia ni baya! Tazama rangi ilivyochuruzika. Tazama hivi vijiko!"

"Usijidharau, mwanangu. Una kipaji."

Vanishi alikaribia kulia. Mara ya kwanza anasema kweli, na haaminiwi.

"Basi nionee huruma," alisema. "Watu wakiliona hili, jina langu limekwisha. Niruhusu nikuletee la dukani."

Mama Cherehani akashusha pumzi kama anayeombwa figo. "Haya, kwa ajili yako. Lakini la taa liingie kwanza, ndipo hili litoke. Sebule ya mshonaji haikai tupu."

Akiba yote ya Vanishi ikaishia dukani. Jioni ile kabati jipya likaingia, jeupe, lina vioo na taa tatu. La zamani likatoka juu ya mkokoteni, na wapita njia wakasimama kando lipite, kama msiba.

Mwenye mbao akalilaza uani kwake, akalipitishia randa. Ukatoka ubao wa mvule mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake zikatokea mbao za maboksi ya matunda, na ubavuni mhuri haujafutika: SHIKA POLEPOLE.

"Mvule wako huu," alisema mwenye mbao, "labda nichokonolee meno."

Vanishi alirudi kwa mama mbio, jasho likimtoka.

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi?" Mama Cherehani alikuwa akipanga vikombe. "Nilikwambia ni mbao gani? Hata hukuuliza."

Vanishi akakumbuka. Kweli, siku zote zile neno mvule halikutamkwa mle ndani, si na yeye wala si na mama.

"Marehemu mume wangu alikuwa seremala," mama aliendelea, bila hasira. "Makabati kama lile alitengeneza kumi na moja. Uso mvule, mwili maboksi. Kumi aliwauzia wenye macho kama yako. La kumi na moja mteja alilirudisha, ndipo marehemu akanipa mimi zawadi ya harusi. Miaka thelathini nimengoja aje mtu wa kulikwangua, na wewe umekwangua palepale walipokuwa wakikwangua wenzako."

Vanishi akafungua mdomo. Matusi yalikuwa tayari yamejipanga, lakini hakuna hata moja lililomfaa mama huyu kuliko lilivyomfaa yeye.

"Umekuja vizuri lakini," alisema Mama Cherehani. "Taa ya katikati haiwaki. Hebu nitazamie."

 Vanishi akautazama mlango, akamtazama mama. Kisha akavua koti, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya kabati.

"Imewaka?"

"Bado. Izungushe polepole, mwanangu, na mkono usiguse vioo. Nimevifuta sasa hivi."