Ndizi Chini ya Godoro

Alhamisi, 12 Agosti

Safari ya kiwanda kwenda kuona wanyama imeanza. Wenzangu wamekuja kutalii. Mimi nimekuja kazini! Kiti cha naibu meneja kiko wazi, na meneja ametudokeza kwamba ataamua tukirudi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, karani wa mauzo, na mtunza stoo, ambaye akigeuka tu tunamwita Ndiyo Mama, kwa jinsi anavyomjibu meneja. Asubuhi kwenye basi niliwahi kukaa ubavuni mwa kiti cha meneja. Akasema pale mbele humtibua tumbo, akaenda kukaa nyuma na Ndiyo Mama. Nimesafiri kutwa nzima nimepakata kreti la soda.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimemnong'oneza meneja kwamba hema lake liko kwenye njia ya viboko. Si kweli, lakini nani atamuuliza kiboko? Alinishukuru sana, akasema atalifikiria. Nikaona nimeshaula! Jioni Ndiyo Mama akamwonyesha simba. Dume zima. Meneja alifurahi kama mtoto. Nami nikaona wivu.

Jumamosi, 14 Agosti

Dereva ametuonya tusiweke chakula hemani, kwa kuwa nyani wa hapa hawana adabu. Wazo hilo! Wengine wakinywa chai, nilimbembeleza mpishi anipe ndizi mbivu, nikasingizia tumbo. Mpishi ana maneno mengi, akanichelewesha. Kisha nikanyata hadi hema la Ndiyo Mama, nikazisokomeza chini ya godoro, zipu nikaiacha wazi. Begi lake ni la waridi. Nilicheka kimoyomoyo.

Mchana tuliporudi kutoka kuona wanyama, nyani wametapakaa kambi nzima. Mkubwa wao yuko juu ya tangi la maji, amevaa wigi la meneja. Limemkaa vizuri, sitasema uongo.

Kumbe meneja alifuata ushauri wangu! Mimi nikihangaika na mpishi, yeye na Ndiyo Mama walikuwa wakibadilishana mahema. Meneja alijifunga taulo kichwani, akauliza polepole, "Nani ameniwekea ndizi?"

Mpishi akanitazama. Mimi nikatazama milima. Ndiyo Mama akaokota ndizi zilizobaki, akamrushia yule nyani mkubwa mbili kwa mpigo. Nyani akainama kuzidaka, wigi likaanguka. Watu walishangilia, na mimi nikapiga makofi kwa shingo upande.

Jumatatu, 16 Agosti

Tangazo limebandikwa. Ndiyo Mama ndiye naibu meneja. Mimi nimehamishiwa stoo, kwenye kiti chake kilekile chenye mguu mbovu. Nimeumia sana. Mke wangu amesema, "Baba, si ungefanya kazi yako tu?"

Hajui mambo ya ofisi. Nimekaa nikatafakari kwa kina, na kosa nimeliona: ndizi zilikuwa mbivu mno. Mwakani tunarudi kambi ileile, na dereva aliniambia nyuki wa pale ni wakali. Uzuri wa stoo, makabati yake yana kufuli. Asali imeshaingia.