Ukurasa wa Saba

"Kilo moja kwa siku!" Redio aligonga gazeti kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Imeandikwa hapa, ukurasa wa mbele, si maneno yangu. Ndama akilishwa ngano changa, ikiwa bado majani matupu, anaongeza kilo moja kila siku ya Mungu!"

"Na mimi nikiyala hayo majani?" akauliza Mama Birika, mwenye kahawa.

"Wewe utaongeza maneno."

"Kwani nimepungukiwa?"

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini kwenye benchi la Mama Birika habari haichachi mpaka watu waimalize. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa duka la Tepu, fundi cherehani, kwa hiyo Tepu hushona huku sikio moja likiwa nje, atake asitake. Asubuhi hiyo hakutaka. Alikuwa amenuna, maana tangu jana hakuwa na tepu yake ya kupimia, na fundi asiye na tepu anakadiria viuno vya wateja kwa macho, jambo ambalo lilikuwa limeshamletea matusi mawili kabla ya saa tatu.

Aliyeiazima alikuwa anakuja sasa, akicheka peke yake barabarani.

"Mkurugenzi huyo!" Redio akapaza sauti. Redio ni fundi simu, na jina amelipata kwa sababu yeye hazimiki.

Mkurugenzi hana ofisi. Ana dada. Dada Mkubwa ndiye mwenye shamba la ngano nyuma ya ghala kuukuu na ndiye mwenye ndama wanane walioachishwa ziwa majuzi tu. Mdogo wake alikuwa ameshashindwa kazi tatu, akawa analala kwenye kochi la dada na kuosha vyombo vya dada, mpaka dada akamkabidhi wale ndama. Jana akamwambia, kesho mchana nakuja kuwaona. Wakiwa hawajanawiri, nampa mtu mwingine na wewe unarudi kwenye vyombo. Cheo cha Mkurugenzi wa Mifugo alijipa mwenyewe, na lile gazeti la benchini ni yeye aliyelileta. Tepu alijua zaidi ya hapo, ila hakuwahi kulisema: hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo jamaa alikuwa ameipenda maishani mwake.

"Jamani, simameni!" Mkurugenzi akafungua daftari. "Takwimu zimetoka. Ndama wangu Kibonge, jana jioni, sentimita mia na arobaini na mbili. Leo asubuhi hii, mia na sitini na tano!"

"Weee!" Redio akashika kichwa. "Ishirini na tatu usiku mmoja! Gazeti limesema uongo, limepunguza!"

"Hivyo kufikia Ijumaa atakuwa wapi?" akauliza Mama Birika.

"Ijumaa hapiti getini. Tutabomoa ukuta."

"Ijumaa nyingine analala ndani ya ghala, kichwa kinatokea dirishani."

"Tutahitaji ngazi ya kumkamua!"

"Kibonge ni dume, we Redio."

"Basi ngazi ya kumsalimia!"

Wakacheka mpaka Mama Birika akamwaga kahawa kwenye kiatu cha Redio, na Redio naye akazidi kucheka. Hata Tepu alijikuta anatabasamu. Halafu ule ufundi wake ukamwasha.

"Mkurugenzi, ulimpima wapi?"

"Tumboni. Mafanikio ya mtu yanakaa wapi kwingine?"

"Sikiliza. Mimi nimepima wajawazito. Nimepima maharusi waliokula wiki nzima kwa furaha. Nimempima mwenye bucha. Sijaona mwili unaoongeza sentimita ishirini na tatu kwa usiku mmoja."

"Wivu huo!"

"Yuko sawa pande zote mbili?"

"Eh, hapo nisiwe mwongo. Kushoto kumetangulia. Kulia kunafuata taratibu."

Tepu akasimamisha cherehani. "Ukimgusa huko kushoto?"

"Kumekaza vizuri! Ukigonga kunalia ngoma."

"Anakula?"

"Ale nini tena? Ameshiba, bwana! Amesimama tu, miguu kaipanua, anatoa ulimi, povu linamtoka mdomoni. Shibe ya kitajiri kabisa!"

Mama Birika akaweka birika chini.

"Redio," akasema Tepu, "hiyo habari imeishia hapo?"

Redio akainama juu ya gazeti. "Hapa chini wameandika... 'inaendelea ukurasa wa saba'."

"Uko wapi ukurasa wa saba?"

Wote wakamwangalia Mama Birika. Mama Birika akaiangalia meza yake. Kisha akaanza kuondoa vikombe, kimoja kimoja, na chini yake ukurasa wa saba ukajitokeza, umejaa maduara ya kahawa.

Redio akausoma. "'Hata hivyo...'"

"Mungu wangu," akasema Mama Birika. "Habari ikishafika kwenye 'hata hivyo', tafuta pa kukaa."

"'Hata hivyo, kamwe usiwaingize ndama kwenye ngano wakiwa na njaa.'"

"Niliwafungia jana kutwa," akasema Mkurugenzi, sauti imeshapungua. "Bila hata jani. Nikawafungulia alfajiri. Nilitaka waingie na hamu, kama mtu aliyealikwa karamuni."

"'Wape kwanza nyasi kavu, washibe kiasi.'"

"Nyasi kavu nimewatandikia walale."

"'Kila siku waongezewe pumba kidogo iliyochanganywa na dawa ya kuzuia povu tumboni, pamoja na chumvi ya madini.'"

"Pumba ninayo. Dada aliileta ikiwa imeshachanganywa. Gunia zima."

"Sasa?"

"Huwa nalikalia. Nikiwa nawasimamia."

"'Ukiona tumbo limevimba upande wa kushoto...'" Redio akasogeza karatasi puani. "Hapa kuna duara la kahawa."

"Soma, Redio!"

"'...mnyama anaweza kufa kwa saa chache.'"

Daftari likaanguka. Mkurugenzi aligeuka akakimbia, na hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akikimbia.

Tepu akachukua simu yake, maana Redio ana simu kumi na nane na zote ni mbovu, akampigia daktari wa mifugo huku akimfuata mwenzake mbio. "Nusu saa nitakuwa hapo," daktari akasema, "lakini msinisubiri! Watoeni wote kwenye ngano. Huyo mgonjwa asilale. Kijiti mdomoni, kama lijamu ya farasi, atafune. Halafu mafuta ya kupikia, polepole kabisa, yasimwingie mapafuni."

"Mama Birika! Mafuta!"

"Yale niliyokaangia mayai?"

"Yoyote!"

Kwa hiyo watu wa barabara ile waliona fundi cherehani anapita mbio na sindano tatu kwenye ukosi, nyuma yake mwenye kahawa amekumbatia chupa ya mafuta, nyuma kabisa fundi simu anapunga ukurasa wa saba na kupiga kelele, "Nyasi kavu kwanza! Nyasi kavu kwanza!"

Kibonge alikuwa amesimama katikati ya ngano, mviringo, macho yamemtoka. Mkurugenzi alikuwa amemkumbatia shingo.

"Nisamehe, baba. Nisamehe. Nilikuandika daftarini."

"Muombe msamaha huku unamvuta!" akasema Tepu.

Wakamtoa, wakamsimamisha pale penye mwinuko, kichwa juu. Kijiti kikapatikana. Kamba haikupatikana. Tepu akatazama huku na huku, akaiona tepu yake ikining'inia mfukoni mwa Mkurugenzi, akafumba macho, akakifunga kijiti kwa hiyo hiyo. Mama Birika akamimina mafuta pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, akinong'ona, "Kunywa, mjukuu wangu, kunywa." Redio aliwaswaga wale saba wengine mpaka bandani, na kule kunyamaza kwake kulimtisha kila mtu.

Wakasubiri. Kibonge akatafuna kijiti. Mkurugenzi hakuiachia shingo yake, na Tepu naye, aliyeapa asubuhi kwamba hatamwazima mtu tepu tena, akajikuta anaomba ndani kwa ndani kwa ajili ya ndama wa watu.

Redio akarudi, akainama mbele ya mdomo wa Kibonge. "Hivi anapumu..."

Kibonge akacheua. Akacheua kwa muda mrefu, kwa moyo wake wote, na ukurasa wa saba ukapeperuka kutoka mkononi mwa Redio, na Redio akaketi chini bila kupanga.

"Tena!" Mama Birika akapiga vigelegele. "Tena, mwanangu!"

Akacheua tena. Wakashikana, wakarukaruka, Mkurugenzi analia na kucheka kwa pamoja, ubavu wa kushoto ukishuka mbele ya macho yao.

"Mmemaliza?"

Dada Mkubwa alikuwa amesimama getini. Hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Shikamoo, dada," akasema Mkurugenzi.

"Marahaba. Gazeti nililokuletea, ulilisoma?"

"Nililisoma, dada."

"Lote?"

Kibonge akacheua.

Dada akauokota ukurasa wa saba, akaupangusa. "Nani aliyegundua?"

"Fundi Tepu."

"Na wewe ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Nilikuwa nakusubiri uje, ujivunie mdogo wako."

Dada Mkubwa alijitahidi sana kukunja uso. Midomo ikamsaliti, akageukia ukuta, mabega yakatikisika. Alipogeuka tena alikuwa anafuta machozi.

"Tangu uzaliwe sijawahi kukuona unakimbilia kazi," akasema. "Leo nimekuona. Utabaki na ndama. Ila kila asubuhi, kabla ya kahawa, utasimama kwenye lile benchi na kuusoma huu ukurasa kwa sauti, mpaka siku mashina ya ngano yatakapoanza kuwa na uwazi ndani, maana hapo ndama hutolewa ili nipate kuvuna."

Daktari alipofika, alimkagua mgonjwa akasema atapona. Tepu aliirudisha tepu dukani, akaifua mara tatu, na bado mteja wa kwanza akauliza mbona kiuno chake kinanukia mayai.

Kesho yake Mkurugenzi akasimama kwenye benchi, akasoma kuanzia "hata hivyo" mpaka mwisho, duara la kahawa na yote. Watu wakapiga makofi. Akashuka, akaketi.

"Haya, Ukurasa wa Saba," akasema Mama Birika, na cheo cha zamani kikafia hapo hapo, "kahawa yako hii."

Mwenye jina jipya akakisukuma kikombe kando kwa heshima.

"Nipe kwanza kipande cha mkate mkavu, mama. Siingii kwenye kahawa na njaa."