Mjomba Maneno na Umeme wa Uongo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo mjomba Maneno ametiwa umeme kichwani na hakufa. Naandika mapema ijulikane, maana mtaa wetu wote wa Gatsata ulikuwa umeshamlilia tangu jana. Mama wa kwenye genge alinipa ndizi mbili za pole. Nimezila. Kurudisha ni kukosa adabu.

Habari yenyewe ni hii. Mjomba ni fundi cherehani. Mwezi wa nne kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ukarudi. Ulimi ukarudi, tena ukarudi na matusi yake yote. Mkono ukakataa. Vidole vimejikunja, kidole gumba kimelala kama paka juani. Fundi asiyeweza kukata kitambaa ni mzee anayekaa dukani tu. Anasema hivyo mwenyewe, na akisema anaangalia ukuta. Kazi yote ya kukata sasa anafanya Gahongayire, mwanafunzi wake. Mimi ni damu yake lakini naruhusiwa kupiga pasi peke yake.

Basi huko Kicukiro kuna kliniki yenye utafiti. Mwenye utafiti ni dokta Mutesi, mama mrefu, kalelewa Uganda, anatembea kama ana miadi na waziri. Hapasui, hachomi sindano. Anachukua sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, anazifunga kichwani kwa mkanda wa mpira, nyaya mbili, na kidude kama redio ya mfukoni. Umeme unapita dakika ishirini, kidogo kidogo, juu ya ile sehemu ya ubongo inayotuma mkono. Wakati huohuo Aidah, dada wa mazoezi, anamtaka mjomba aokote vifungo vya shati kutoka sahani hii mpaka sahani ile. Siku kumi, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki mbili.

Nikauliza umeme unatoka wapi, maana kwetu kashpawa, umeme wa kulipia kabla, ilikatika tukiwa tunapika. Dokta akasema ni betri. Miliampea mbili. Nikatikisa kichwa kama mtu anayezijua miliampea zote kwa majina.

Kwa dakika moja mjomba ameokota vifungo vinne. Jioni nimewaambia watu wa Gatsata kwamba mimi ni msaidizi wa dokta.

Jumanne, 7 Oktoba

Mambo mazito. Kumbe nusu ya wagonjwa wanapewa umeme wa uongo.

Mjomba anasema tuliambiwa kabla hajatia sahihi kwa mkono wa kushoto, na kwamba mimi nilikuwa nachungulia simu. Inawezekana. Mpango ni huu: kila mgonjwa ana kadi yenye tarakimu tano. Aidah anaziingiza kwenye kidude, kidude chenyewe kinaamua. Wengine kinawapa dakika ishirini kamili. Wengine kinawapa nusu dakika ya kuwawashawasha ngozi, halafu kinanyamaza, taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Mazoezi ya vifungo wote wanafanya sawa. Mwisho wa utafiti, waliopewa uongo wanakaribishwa kupewa wa kweli.

Nikamwendea dokta, nikampigia jicho, nikamwambia sisi ni wa nyumbani, aninong'oneze mjomba yuko kundi gani. Akasema hajui. Nikacheka. Akarudia kwamba hajui, Aidah hajui, orodha anayo mtu wa hesabu huko Huye, na yule wa Huye hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Akasema angejua, macho yake yangeanza kuona anachotamani kuona.

Mimi nikimficha mtu kitu, mwenyewe nakijua, hiyo ndiyo raha ya kuficha. Huyu mama amejificha mwenyewe ili asijidanganye. Akili ya namna hii sijaiona toka niache shule, na niliacha kidato cha tatu, si juzi.

Akamaliza kwa sauti ya upole inayotisha: atakayechezea kadi au kidude anaondolewa mgonjwa wake, na nafasi nyingine haipo, orodha imejaa. Sijui kwa nini aliniangalia mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wao hawajui. Mimi nitajua.

Nimefanya upelelezi kwenye benchi la kusubiri. Nikamuuliza mjomba anasikia nini. Akasema mwanzo panawasha, kisha panapoa, hasikii kitu. Nikamuuliza mzee Silvère, mwalimu mstaafu wa Rebero, naye mkono wake wa kulia ulilala. Huyu anaanza na Kifaransa, anamalizia na Kiswahili, Kinyarwanda anakiweka cha kukemea. Akasema kwake panawasha mwanzo mpaka mwisho, "comme des siafu, mon petit, kama siafu kabisa, kijana wangu."

Hesabu rahisi. Silvère ana umeme, mjomba ana hewa.

Nimejisikia vibaya, nakiri. Mjomba anaamka saa kumi na moja, anaswali, anavaa koti, tunapanda basi mbili, anafunga sponji kichwani kwa heshima zote kama anayevishwa kilemba. Kwa ajili ya hewa.

Aidah alituambia kidude hiki wanakijaribu pia kwa watu wenye huzuni isiyoondoka, kwa maumivu ya miaka, kwa waliopoteza maneno baada ya kiharusi. Kuna wanaosaidika, kuna wasiosaidika, na ndiyo maana wanapima badala ya kupiga tarumbeta. Vizuri sana. Sasa kitu kizuri hivyo, kwa nini apewe Silvère peke yake?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeboresha sayansi, sayansi haikushukuru.

Niliwaza hivi: umeme hupita kwenye maji ya chumvi. Chumvi ikizidi, umeme unazidi. Hata wa uongo ukisukumwa sana utapata aibu uwe wa kweli. Nikaja na pakiti ya chumvi ya jikoni. Aidah alipotoka kuchukua taulo, nikamimina nusu kwenye chupa yake ya maji ya sponji, nikatikisa.

Alirudi, akainua chupa kwenye dirisha, akaona mchanga mweupe umekaa chini. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiswahili chake, "Nani iko napika hapa?" Benchi lote likaniangalia. Nina sura ya mpishi, labda.

Akamwaga yote, akapima maji mapya kwa gramu, tukasubiri dakika arobaini. Akaniambia kwamba chumvi nyingi ingeweza kumchubua mjomba ngozi, na kwamba nikikaribia meza yake tena atanifunga mimi sponji, mdomoni. Mzee Silvère akasema wakati wake wanafunzi wa aina yangu walikuwa wanapewa jembe.

Mjomba ameokota vifungo saba. Saba kwa hewa tupu. Ajabu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekosea, lakini kwa nia njema, kwa hiyo ni nusu kosa.

Mjomba alikuwa anaokota vifungo mezani, mazoezi ya nyumbani. Gahongayire amemshonea kifuko kizima cha vifungo, vikubwa, vidogo, vya koti, kila kimoja na rangi yake. Anajipendekeza. Mimi nikaona nimzidi, nikampa mjomba zawadi ya ukweli. Nikamweleza siafu wa Silvère. Nikamwambia umeme wake ni wa uongo.

Akakiweka kifungo alichokuwa nacho. Akaenda kulala saa nane mchana.

Gahongayire akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza. Akasema mtu akipanda mlima na mzigo kichwani, humwambii katikati kwamba huko juu hakuna soko, hata kama ni kweli, na wewe hujui kama ni kweli. Nikamwambia aendelee na vifungo vyake. Akasema, "Wewe sha, hata pasi nitakunyang'anya."

Jumatano, 15 Oktoba

Mjomba anakwenda kliniki, hakosi, maana alitoa neno lake. Lakini anaokota vifungo kama anayelipa faini. Nyumbani hashiki hata kimoja. Leo amepata sita. Ametoka saba karudi sita. Zimebaki siku mbili.

Dokta Mutesi alikaa naye. Akamuuliza moyo ukoje. Mjomba akasema moyo uko. Dokta akamwambia kwamba umeme peke yake haumfundishi mtu kitu, unaulainisha udongo tu. Anayelima ni yeye na vidole vyake. Mjomba akasema ameelewa, akaangalia ukuta.

Ukuta ule nimeuchukia.

Kwa hiyo nimepanga. Kadi za wagonjwa zinakaa kwenye kikapu karibu na mlango, kila moja na tarakimu zake tano. Kesho kadi ya mjomba itakuwa ya Silvère, ya Silvère itakuwa ya mjomba. Siku mbili za umeme halisi ni bora kuliko sifuri. Silvère ameshakula siafu wa kutosha, na sisi ni Wanyarwanda, tunagawana.

Nimekumbuka onyo la dokta. Nimelikumbuka vizuri. Ila onyo ni la wanaokamatwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekamatwa.

Kubadilisha kulikwenda vizuri mno. Nikakohoa, nikainama, nikabadilisha, nikakaa. Mikono ya mwizi, uso wa sheikh. Mjomba akaitwa, akafungwa sponji. Aidah akachukua kadi na kabla hajabonyeza chochote akamuuliza mjomba jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Kumbe anauliza kila siku. Kumbe nyuma ya kadi pameandikwa. Mimi siku zote nilidhani ni mazungumzo tu, adabu za Kicukiro.

Akageuza kadi. Akanigeukia. Akamwita dokta.

Dokta Mutesi alikuja, akasikiliza, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyechoka ghafla. Akaniuliza kwa nini. Nikaeleza upelelezi wangu wote. Akaniambia kwamba ngozi huzoea, hata wenye umeme kamili wengi huacha kuusikia. Kuwashwa hakuonyeshi kitu. Akamwita Silvère, akamtazama kichwa, akamuuliza. Silvère akakiri, kwa Kifaransa cha chini, kwamba mkewe anamnyoa kwa wembe kila asubuhi na kumpaka mafuta ya mti fulani, apendeze kliniki.

Siafu wote wale, kumbe ni wembe.

Kisha dokta akamgeukia mjomba. Akasema inabidi aseme jambo gumu. Kadi imechezewa, na kanuni mjomba anaijua. Akasema kabla ya kuamua anataka kujua kama mgonjwa mwenyewe alikuwa na habari.

Mjomba hakuwa na habari. Niliona inamfikia polepole. Kwamba siku nne amelala kwa maneno yangu. Kwamba labda mkono wake unaishia hapa, kwenye kiti hiki, kwa sababu yangu. Nilisogea nimwombe radhi, nikainama kama inavyotakiwa, nikasema mjomba nisamehe.

Akanishika sikio.

Akalikamata, akalisokota, akanivuta mpaka pua yangu ikagusa goti lake, huku akinisomea ukoo wangu wote kuanzia babu aliyekuja na msafara kutoka Ujiji. Nilisema aa, nikasema oo, nikasema mjomba linang'oka. Kisha nikaona hakuna anayecheka. Aidah kasimama kaziba mdomo. Silvère kavua miwani. Dokta Mutesi hapumui.

Ni mkono wa kulia.

Mjomba naye akauona. Akauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Kidole gumba upande huu, kidole cha shahada upande ule, sikio langu katikati, jekundu. Akasema taratibu, "Ya Rabi." Hakuachia.

Aidah akaleta karatasi, akamwomba afungue vidole, halafu ashike tena, kwa ajili ya kipimo. Akafungua. Akashika tena. Aidah akasema mara ya tatu iko muhimu kwa wastani.

Dokta alikuwa amegeuka dirishani, anafuta macho kwa kona ya koti lake jeupe. Aliporudi alikuwa dokta tena. Akasema tarakimu hazikuingizwa, kidude hakikuguswa, mgonjwa hakujua. Kwa hiyo mjomba anabaki na atamaliza. Lakini yeye dokta ataandika ripoti kwa kamati ya maadili, kila kitu, pamoja na jina langu. Na mimi kuanzia leo nakaa nje ya geti.

Nikamuuliza kama huu ni umeme wa kweli ndio umefanya kazi. Akasema hajui. Kaona kwa macho yake, kafurahi mpaka kalia, na bado anasema hajui, mpaka Huye wafungue orodha. Wallahi mama huyu nitamsimulia wajukuu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya mwisho. Niko nje ya geti, naandikia juu ya goti.

Mjomba katoka sasa hivi. Vifungo kumi na viwili. Dokta amemwambia ukweli wote: mkono haujapona, umeamka, na ukiachwa utalala tena, kwa hiyo mazoezi kila siku. Mjomba hakutazama ukuta. Ameomba tupitie sokoni anunue kitambaa cha bei ya chini, cha kuharibu. Gahongayire ameshamchorea mstari wa chaki, mrefu, wa kukata kesho asubuhi.

Mimi nimefikiri sana hapa nje, na nimegundua jambo ambalo sayansi imeliruka. Siku nane za umeme: vifungo saba. Sekunde moja ya sikio langu: mkono mzima. Si lazima uwe wa Huye kuona hesabu hiyo. Tena jina langu limeshaingia kwenye ripoti, yaani mimi ni mtafiti kamili.

Nimezungumza na mzee Silvère hapa getini alipokuwa anasubiri kuitwa. Nimemweleza kwamba dawa ni hasira, mimi ndiye ninayeitoa, na kwamba mkono wake utaamka akipata sababu nzuri. Akaniuliza, mon petit, unakusudia kufanya nini. Nimemwambia atulie, asijue, ndivyo utafiti wa maana unavyofanyika.

Kofia yake mpya nimemchomolea, ninayo hapa mfukoni. Anatoka baada ya dakika ishirini. Nimeshachagua sikio: la kushoto, lile la kulia bado linauma.