Pipa la Tina la Fundi Hilary

Jumatatu, 5 Agosti

Pipa limefika! Limeshushwa asubuhi na gari la mizigo kutoka Arusha, limejaa tina mpaka kwenye kizibo. Kila fundi hapa Maisaka anachanganya rangi na vanishi yake kwa tina, na kila fundi huinunua kwa Sadallah, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Ilikuwa hivyo mpaka leo. Kuanzia sasa wataijia kwangu, Hilary, fundi samani na, Mungu akipenda, mfanyabiashara.

Mpango ni mwepesi. Sadallah anauza kopo zima lililofungwa kiwandani. Mimi napimia kwenye chupa tupu za maji. Mtu mwenye kiti kimoja cha kupaka, kopo zima la nini? Najishangaa kwa nini sikuwaza hivi mapema.

Tadeo, msaidizi wangu, amejaza chupa tangu asubuhi. Mchana akalalamika kichwa kinamgonga na macho yanamwasha. Nikamnunulia maziwa. Maziwa huondoa sumu, kila mtu anajua. Akanywa, akaenda kutapika nyuma ya karakana, akarudi kazini akipiga mluzi. Kijana mwema. Anataka kuoa mwezi wa kumi na mbili na tayari anajichongea kitanda kwa mabaki ya mbao zangu. Nimejifanya sioni.

Redempta, mke wangu, ameleta chakula. Akanusa, akauliza hilo pipa litalala wapi. Nikamwambia mambo ya biashara aniachie. Amerudi nyumbani Nangara bila kuchukua vyombo.

Jumanne, 6 Agosti

Wateja! Mafundi wa magari, mafundi wa milango, hata mchora vibao. Nilikuwa nawahudumia huku namtazama Sadallah. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anajifanya anasoma gazeti. Gazeti la wiki iliyopita!

Saa kumi akavuka barabara. Salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za mtoto. Kisha akasema chupa za maji zina hatari, mtu mwenye kiu hasomi, anakunywa. Nikamjibu kwamba wivu nao ukinywewa unaua. Nimeipenda sana hiyo. Hakucheka. Akasema pia pipa limekaribiana mno na jiko la Joyness.

Joyness ni mama wa chipsi, banda lake limegusana na ukuta wangu. Mkaa wake unawaka tangu asubuhi. Lakini kati yetu kuna ukuta. Ukuta ni ukuta.

Jioni habari mbaya. Zimamoto wanapita mtaani kukagua maduka na karakana, kesho ni zamu yetu. Nani kawaita? Sihitaji kuambiwa. Gazeti la wiki iliyopita, kumbe!

Jumatano, 7 Agosti

Nimewashinda Sadallah na serikali kwa siku moja.

Mapema mimi na Tadeo tulilibiringisha pipa mpaka uani, kwenye kibanda cha mabati tunachowekea mbao. Paa lake ni fupi, pipa likakataa kusimama. Tukalilaza ubavu, tukalifunika turubai na mito ya makochi juu yake. Tadeo akasema kizibo kimegonga jiwe tukiwa njiani. Nikamwambia kizibo ni chuma na jiwe ni jiwe, wataelewana.

Askari wa Zimamoto alikuwa mwanamke, Afande Rosemary, mpole kuliko nilivyotegemea. Nikampa shikamoo kwa kuchanganyikiwa ingawa ni mdogo kwangu. Akaitikia, jambo ambalo sikulipenda. Akanusa. Akauliza harufu ni ya nini. Nikasema vanishi ya kabati la padre. Hakuna kabati, hakuna padre.

Akatufundisha. Tina ikimwagika, zimeni kila moto ulio karibu, wa kwenu na wa jirani. Msiguse swichi. Watu wote watoke, wasimame upande unakotoka upepo. Mvuke wake ni mzito, haupandi juu, unatambaa chini kama nyoka unatafuta moto, na ukiupata unarudi nao mpaka kwenye pipa. Mwageni mchanga uinywe. Msisukume kwa maji, msimimine mtaroni. Pigeni 114 hapo hapo, kabla hamjajaribu ushujaa. Na nguo za mtu zikishika moto, asikimbie, alazwe chini.

Tadeo alikuwa anasikiliza kama yuko kanisani. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa heshima na kuwaza chupa zimebaki ngapi. Akauliza mchanga wangu wa tahadhari uko wapi. Nikamwonyesha lundo ng'ambo ya barabara. La Sadallah, la kuuza. Akasema liko mbali lakini afadhali lipo. Akaondoka. Ushindi!

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika jua likizama. 

Sikukuu, lakini nilimwita Tadeo tujaze chupa. Tulipofungua uani harufu ilitupiga usoni. Mito imelowa. Chini ya turubai dimbwi, na kwenye kizibo tina inachuruzika polepole kama pua ya mtoto. Upepo wa Agosti ulikuwa unavuma kuelekea kwa Joyness.

Tadeo akasema, "Bosi, nikamwambie dada Joyness azime jiko kwanza."

Alikuwa ameshageuka aende. Nikamshika shati. Nikamwambia, "Ukimwambia Joyness umeutangazia mtaa. Sadallah atajua, yule afande atarudi."

"Sasa tufanye nini?"

"Lete mpira wa maji. Tusafishe haraka kabla hajanusa mtu."

Akaniangalia.  Akaleta mpira na ufagio. Mimi nilifungua bomba, yeye akawa anasukuma. Ua wetu umeinama kuelekea ukutani, na chini ya ukuta kuna tundu la maji ya mvua. Maji yakaingia tunduni. Tina ikaelea juu ya maji na kwenda nayo. Nilikuwa nafurahi kuona jinsi inavyoondoka upesi.

Kulikuwa na sauti kama shuka kubwa linapokung'utwa. Upande wa pili Joyness akapiga kelele. Halafu moto ukarudi kupitia tundu, chini chini, ukaufuata ufagio mpaka kwa Tadeo. Alikuwa ameinama.

Alikimbia. Alijua asikimbie, alisikia jana kuliko mimi, lakini alikimbia, na kila hatua ilizidisha. Akapita karakana, akatokea barabarani. Sadallah alivuka mbio, na unene wake ule, akamkumba, wakaanguka wote juu ya lile lundo la mchanga. Akambiringisha, akamfukia kwa mikono yake. Kijana mmoja wa bodaboda akaleta ndoo za maji akammwagia, wakaendelea kummwagia.

Mimi? Nilichukua ndoo nikamwagia moto wa uani. Moto ukapanda juu ya maji na kwenda kwenye mbao. Nikamwaga nyingine. Ukaenda kwenye makochi. Nikakimbia.

Sadallah alishapiga simu. Akachukua mtungi mwekundu wa kuzimia moto wa dukani kwake, akapuliza unga mpaka Joyness akapata njia ya kutoka, mkono umeungua na kilemba hakipo. Gari la Zimamoto likaja. Afande Rosemary akashuka akapaza sauti watu wote wahamie upande wa stendi, upepo usiwaletee moshi. Akanijia, akauliza swali moja tu, "Kuna pipa humo?" Nikatazama viatu vyake. Akanishika mabega. "Nina watu wanaingia mle ndani. Kuna pipa?" Nikasema lipo uani, limelala. Akawarudisha watu wake nyuma, na sekunde hiyo hiyo paa la kibanda likaruka. Wakamwaga povu jeupe mpaka karakana yote ikawa kama imefunikwa theluji ya Kilimanjaro.

Kitanda cha Tadeo kimeungua. Sijui kwa nini naandika hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilikwenda hospitali na mpango. Polisi wameshaniuliza maneno, wataniuliza tena. Nilitaka kumwomba Tadeo aseme alikuwa anavuta sigara. Havuti, lakini nani atapima? Nilimnunulia juisi.

Alikuwa amefungwa bandeji miguu, mikono na kifua. Uso ulikuwa umevimba, lakini midomo ilikuwa yake. Juisi nikaishika mwenyewe. Akauliza, taratibu sana, "Dada Joyness mzima?" Nikasema mzima. Akafumba macho. Sigara nikashindwa kuitaja. Nitaitaja kesho, nikawaza.

Mama yake alikuwa amefika kutoka kijijini, mwanamke mwembamba aliyevaa shuka begani. Nikamwamkia. Badala ya kuitikia akanishika mikono yote miwili akalia. Kiswahili chake kinatoka kwa shida. Alisema ameambiwa mtu wa kazini kwa mtoto wake ndiye aliyemzima moto kwa mikono yake. Akaigeuza mikono yangu, akaitazama. Haina hata lengelenge. Akasema Mungu ameilinda.

Ningeweza kusema. Sadallah alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji, viganja vyake vimefungwa bandeji. Alisikia yote. Nilimwangalia, akaniangalia. Nikasema, "Ahsante, mama. Ni wajibu."

Sadallah akaweka uji mezani, akamwambia mama pole, akaondoka.

Nimeona afadhali. Mama mgonjwa wa moyo asichanganywe na maelezo mengi. Ingawa sijui kama anaumwa moyo.

Jumapili, 11 Agosti

Tadeo amefariki leo asubuhi, watu wakiwa kanisani.



Nilikaa kwenye mabaki ya karakana. Nikadhani nasikia mluzi. Ni upepo kwenye bati.

Jumanne, 13 Agosti

Tumemzika kijijini kwao. Vumbi jingi, watu wengi. Mafundi wote wa Maisaka walikuja, na Joyness, mkono umefungwa shingoni. Sadallah alifunga duka, akakodi basi dogo kwa waombolezaji. Mimi nilipanda basi la Sadallah. Hakuna aliyekaa karibu nami.

Mama Tadeo akaomba bosi aseme machache. Nikasimama. Nilikuwa na nia njema kabisa. Lakini nilipoona nyuso zile nikajikuta nasema kwamba ajali haina kinga, kwamba tina ya siku hizi ni kali kuliko ya zamani, na kwamba tulipambana bega kwa bega mpaka mwisho.  Joyness akageuka akaondoka kati ya watu. Redempta naye akaondoka, akiwa amemshika Kindness, mwanetu, mkono.

Nyumbani nikamkuta anafunga mizigo. Akasema anakwenda kwa mama yake siku chache, kwa sababu hawezi kulala karibu na mtu ambaye alimshika kijana wa watu shati. Kumbe Joyness alisikia kila neno upande wa pili wa ukuta. Kumbe mtaa wote unajua. Kasoro mama Tadeo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, Redempta alisema, wala si kwa ajili yangu.

Nililia. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nililia.

Ijumaa, 16 Agosti

Mambo yanaanza kukaa sawa! Polisi wanasema upelelezi unaendelea, shemeji amenidhamini nisilale mahabusu. Sadallah amegawa ndoo za mchanga mtaa mzima, ya kwangu ameiweka kwenye majivu ya karakana. Jana Afande Rosemary alifundisha barabarani. Niliangalia kwa mbali. Watu walikuwa wengi, na karibu wote ni wa bodaboda, wanalalamika foleni ya vituo vya mafuta.

Hapo ndipo akili iliponigonga.

Petroli! Kosa letu lilikuwa tina. Tina ni kemikali. Petroli watu wanaikalia kila siku, wanaiweka katikati ya mapaja, wanasafiri nayo mpaka Kateshi na watoto mgongoni, hawaungui. Na kosa la pili lilikuwa jirani mwenye jiko. Nyumbani kwangu Nangara hakuna jirani wa karibu, na jiko liko nje.

Yule mtu wa Arusha aliyeniuzia tina ni mwelewa. Ameleta madumu ya petroli leo asubuhi. Sebuleni yangeonekana, chumbani kwangu yananiumiza kichwa. Nimeyapanga chini ya kitanda cha Kindness na kuyafunika shuka lake la maua. Yametosha vizuri kabisa, godoro limenyanyuka kidogo tu upande wa miguu.

Redempta amepiga simu. Atamleta mtoto kesho, shule inafunguliwa Jumatatu. Umeme umekatika tangu jana, nimemnunulia mtoto mshumaa.