Kompyuta Itanikumbusha Jumamosi

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Wiki ya tatu bila Paskalina. Bado yuko kwao Kharumwa. Eti kisa cherehani! Ni kweli niliiuza cherehani yake, lakini nilinunua kompyuta, na kompyuta ni maendeleo. Leo mshenga wetu, Mzee Bujiku, kaleta habari njema: wakwe wananisubiri Jumamosi hii. Niende mwenyewe, niombe radhi mbele ya baba mkwe, nirudi na mke wangu. Jirani yangu Valerian, karani wa ushirika wa pamba, kanishauri niandike kwenye daftari. Daftari! Zama hizi! (Hili ninaloandikia ni la siri zangu, silisomi tena.) Nimeandika kwenye kompyuta, kwenye programu ya orodha ya kazi: Jumamosi, mfuate Paskalina, basi saa kumi na mbili asubuhi. Kichwa kimepumzika. Nimekula ugali peke yangu, nikapika mwingi kwa mazoea.

Jumatano, 8 Septemba
Nimewasha kompyuta. Orodha tupu! Mbio hadi dukani kwa kina Chirag, aliyeniuzia na kuniwekea Linux, mfumo unaoiendesha. Kacheka mpaka mama yake, Maniben, akatoka stoo kuona kuna nini. Kumbe programu haitunzi kitu mpaka uwashe plagini ya kuhifadhi, kipande cha ziada kinachoandika kazi kwenye diski. Bila hicho, ukizima, kazi zote zinafutika. Fungua mipangilio, weka tiki, basi. Nikamwambia nilijua, nilikuwa namjaribu tu.
Nyumbani nimeandika upya safari ya Kharumwa. Tiki sijaweka. Nitaiweka kesho mbele ya Valerian, ashuhudie mwenyewe, daftari alitupe. Nisije nikasahau, nimeongeza kazi ya pili kwenye orodha: washa plagini ya kuhifadhi. Nikazima.

Jumamosi, 11 Septemba
Orodha tupu. Sina kazi leo! Nimefua shati, nimelipiga pasi bila kujua la nini. Mchana mrefu. Nimekaa barazani nikihisi kuna kitu, lakini kompyuta imesema hakuna, nami ni nani nibishane nayo? Laiti Paskalina angekuwepo anigombeze.

Jumapili, 12 Septemba
Balaa! Mzee Bujiku kaja, vumbi mpaka kwenye kope. Jana alikwenda Kharumwa peke yake, akidhani nimetangulia. Paskalina alichinja kuku. Aliniwekea firigisi kwenye bakuli, akalifunika, akakataza mtu kuligusa mpaka jua lilipozama. Halafu akampa mbwa. Nimelia mbele ya mzee, nakiri. Akaniita ng'wanawane, mwanangu, akasema amenibembelezea Jumamosi moja tu zaidi. Nisipotokea, kaka zake Paskalina watakuja kuchukua vyombo vyake, na ndoa imekwisha.
Mara hii sikumngoja Valerian. Nimeweka tiki. Nimeandika safari. Nimezima, nimewasha: ipo! Nimerudia mara saba: ipo! Nimelala upande wangu wa kitanda, wake nimeutandika vizuri.

Jumamosi, 18 Septemba
Umeme umekatika tangu alfajiri. Kompyuta imekaa kimya juu ya meza iliyokuwa ya cherehani. Valerian kagonga mlango saa kumi na moja na nusu, kalamu sikioni, kuniuliza mbona siko stendi. Eti kaandika safari yangu kwenye daftari lake! Nikamjibu kwamba mambo ya nyumba yangu hayaendeshwi kwa daftari la jirani. Umeme ukirudi nitafungua orodha, nitaona leo napaswa kufanya nini.
Basi limepita likipiga honi.
Sasa ni saa tisa alasiri. Umeme bado. Nimevaa shati lililopigwa pasi, nimekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta. Linalonifariji ni moja tu: safari hii, kazi yangu imehifadhiwa.