Sampuli ya Kwenda Pemba

Jumatatu, 7 Februari 2022

Leo ni miaka hamsini na nane kamili tangu nitoke Wete. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliondoka nimekaa juu ya magunia ya mbata ndani ya boti ya mizigo, nikitapika. Nikaapa kwamba nitarudi katika meli yenye mashuka meupe, au sirudi. Mpaka leo niko Kagongwa, hatua arobaini kutoka kituo cha mabasi ya Dar es Salaam. Nimezihesabu.

Na leo, siku hiyohiyo, kaja Mayala! Nilimfundisha shule ya msingi Segese, akilala darasani mchana kutwa. Sasa ana duara lake, shimo la dhahabu, kule Nyarugusu, na gari lenye viti vya ngozi. Kavua kofia, kasema shikamoo Mwalimu, kaweka bahasha mezani. Safari ya meli ya starehe! Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Komoro. Inaondoka Ijumaa ya tarehe 18. Jumapili ya tarehe 20 inashinda Mkoani, Pemba, kutwa nzima.

Dada yangu Kijakazi yuko hai, ana miaka sabini na mitatu. Nimempigia simu. Kalia, kisha kauliza kama bado napenda ukoko wa wali.

Kasoro ni moja. Nafasi ni ya mtu mmoja. Nikishindwa masharti, Mayala anampeleka jirani yangu, Mwalimu Mihayo, aliyemfundisha Hisabati. Mihayo! Mtu asiyewahi kuona maji mengi kuliko lambo la kunyweshea ng'ombe.

Masharti ni kurasa mbili. Kipimo cha korona ndani ya saa sabini na mbili kabla ya kupanda. Kwa waliopita miaka sabini, cheti cha afya: presha, mkojo, sukari. Mke wangu Limi kayasoma yote, kisha kasema kumbe basi la hapo nje halimpimi mtu mkojo. Nimempuuza.

Jumanne, 8 Februari

Mihayo kaja kunipongeza. Pongezi zake zina miiba. Kaniangalia nikitia sukari kwenye chai, kahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kasema, "Mwalimu, na chai hii utavuka?" Kisha kaondoka anapiga mluzi.

Sikupata raha tena. Nimempigia Daktari Sostenes, mwenye kituo cha vipimo Kahama. Kanieleza kwamba sukari huangaliwa kwanza kwenye mkojo. Ikionekana, ndipo achome sindano kuhakikisha. Sindano siogopi. Siipendi tu.

Chai ya leo: vijiko vitano. Mwili ukishtuliwa ghafla unaweza kuharibika.

Alhamisi, 10 Februari

Nimekwenda Nyarugusu kumshukuru Mayala. Nimerudi na mpango.

Baada ya kustaafu nilikuwa karani miaka miwili kwenye mwalo, pale mawe yanaposagwa na kuoshwa. Nilijifunza jambo moja. Hakuna mwenye akili anayempelekea mnunuzi jiwe la kwanza aliloliokota. Sampuli huchaguliwa! Unapeleka lililo bora kuliko yote, ndipo mnazungumza. Kwa nini mkojo uwe tofauti?

Nimechagua. Anaitwa Edson, fundi wa mwalo wa Mayala. Miaka ishirini na minne. Anabeba kiroba cha mawe kila bega huku anaimba. Chai hanywi kabisa. Siku nzima yuko kwenye beseni, anafinyanga zebaki na dhahabu kwa mikono mitupu, kisha anaichoma juu ya moto, na kikohozi hana. Afya ya namna hiyo inapotea bure porini.

Nilimweleza pembeni. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema wazee wa mjini wana mambo, tangu lini mtu akaomba kitu hicho kwa shikamoo? Kweli, nilikuwa nimejisahau nikamwamkia. Malipo yake: nimwandikie barua ya posa kwa wazazi wa Nelly, binti wa Segese. Nimeiandika papo hapo, kurasa mbili, neno "taadhima" mara nne. Barua nzuri sana. Ningekuwa baba wa Nelly ningemwoa Edson mwenyewe.

Jumamosi, 12 Februari

Limefanyika!

Edson kashuka na lori la Mayala saa moja asubuhi, kamaliza kazi, kaendelea na safari. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, nimeichemsha mara mbili. Nikaiweka kwapani isipoe. Mpaka Kahama nimekaa nimebana mkono kama kuku aliyevunjika bawa. Kondakta kaniuliza kama ni kiharusi. Kaninyanyua kwa heshima kunishusha. Karibu chupa ianguke.

Muuguzi Serafina kanipa kikopo. Nikaingia chooni, nikamimina, nikakohoa kidogo kuonyesha kwamba nimejitahidi. Presha yangu mwenyewe: nzuri. Majibu Jumatatu.

Limi kaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni bahari.

Jumatatu, 14 Februari

Sukari: hakuna! Protini: hakuna! Nikainuka kumpa Daktari Sostenes mkono. Kasema nikae.

Kumbe kituo chake humpima zebaki pia kila mtu wa ukanda huu wa dhahabu. Kageuza karatasi nione. Kasema kiwango hicho hukiona kwa watu waliochoma dhahabu miaka kumi bila kupumzika. Kaniuliza, "Mwalimu, unachomea wapi?" Nikajibu: darasani. Hakucheka.

Cheti hawezi kusaini. Lakini kaongeza, taratibu, akiangalia dirishani, kwamba sampuli wakati mwingine huchanganyika. Kama nina neno lolote la kusema, nije kabla ya saa kumi jioni Jumatano. Nitakojoa upya, atanipima korona palepale, atasaini, Alhamisi alfajiri nipande basi. Zaidi ya Jumatano hakuna namna.

Mtu mwema. Nilitaka kusema. Lakini Serafina alikuwa anapanga mafaili yaleyale kwa mara ya tatu, masikio yamesimama.

Jumanne, 15 Februari

Kagongwa nzima inajua. Hawajui kuhusu Edson. Wanajua kuhusu zebaki! Na hapa kwetu zebaki ina maana moja tu: Mwalimu Sabiti ana dhahabu.

Mgahawani nimefutiwa kiti. Kwa kitambaa safi! Madalali wawili wameniamkia kwa kuinama. Mtendaji, ambaye miaka kumi ananisalimu kwa kidevu, leo kavuka barabara kuja kusema shikamoo mzee wangu. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kama wanavyoitikia wenye mali. Mihayo alikuwa mlangoni. Uso wake! Ningepewa rangi ningeuchora.

Nyumbani Limi kauliza dhahabu nimeificha wapi, mbona yeye bado anapuliza kuni mbichi. Nikamweleza ukweli wote. Alicheka mpaka akakalia kinu. Kisha kaacha kucheka. Kasema, "Baba Safiya, nenda Kahama sasa hivi. Dada yako anakungoja."

Nikasema kesho. Muda upo mpaka saa kumi. Miaka arobaini nimefundisha watoto wa watu, na kiti sijawahi kufutiwa. Siku moja tu.

Jumatano, 16 Februari

Nimeamshwa na sururu. Wanaume wanne uani kwangu, nyuma ya choo. Nimeuliza wanatafuta nini. Wakaniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka Mwalimu, kama vile wamekuja kunywa uji. Hoja yao: mtu hachomi dhahabu barabarani, huchomea kwake, na kama zebaki iko kwenye mkojo, basi udongo wa kuanzia ni wa chooni. Siwezi kusema hawakufikiri.

Nikaapa kwamba sina dhahabu. Wakatazamana, wakaongeza kasi. Mmoja kaeleza wenzake kwamba hivyo ndivyo asemavyo aliye nayo.

Saa nne wakafika kama sitini. Wanafunzi wangu wa zamani. Mama wa mchele. Mihayo hayupo, nikashangaa. Mtendaji kaja na daftari kutaka leseni ya uchenjuaji, ya kusafisha dhahabu. Sentensi moja ingetosha: mkojo ule si wangu. Nilifungua mdomo. Watu sitini wakasogea. Mama wa mchele akasogeza kilemba sikio lisikie vizuri.

Nikasema leseni inashughulikiwa.

Wakapiga makofi! Mtendaji kasema basi niandike maelezo. Maelezo mabaya siwezi kuandika. Nimeandika kurasa tano, zenye utangulizi. Nilipotia sahihi ilikuwa saa tisa na nusu. Nikarukia pikipiki. Tumefika Kahama saa kumi na dakika ishirini.

Pamefungwa. Mlinzi kasema daktari kaondoka saa kumi kamili, hata nusu saa haijapita. Kasema pia Mwalimu Mihayo alikuja asubuhi. Kakojoa, katiwa kijiti puani, kapiga chafya, kapewa vyeti vyote. Dakika arobaini.

Saa kumi na mbili jioni Mayala kapiga simu. Wenye meli wanataka jina. Nikamwambia nina udhuru. Kasema pole Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za leseni na sasa anataka kuwa mbia.

Alhamisi, 17 Februari

Mihayo kapanda basi saa kumi na mbili asubuhi. Na sanduku langu! Limi kampa, kasema lake lina matundu, na langu lilikuwa limeshapangwa. Mihayo kaniuliza kama baharini kuna viboko. Nikamwambia wengi sana.

Mfuko wa shati lake ulikuwa umejaa vidonge. Nikauliza ni vya nini. Kasema sukari, mwaka wa sita huu. Nikauliza kapataje cheti. Kanishangaa. Kasema fomu inataka tu kujua unatumia dawa gani.

Basi likaondoka.

Nikaenda kwa Sostenes, nikampa sampuli yangu mwenyewe, kwa hasira tu. Sukari hakuna. Zebaki hakuna. Kasema mkojo kama ule kwa mtu wa miaka sabini na mmoja ungefaa kuwekewa fremu.

Jumapili, 20 Februari

Niandike hili kwa usahihi, maana ni langu.

Kijakazi sikumwambia. Nilikuwa natafuta maneno. Ijumaa sikuyapata, wala jana.

Leo alifika bandari ya Mkoani saa moja asubuhi na mjukuu wa kumshikia mwavuli. Abiria wakashuka. Kaona mzee amebeba sanduku lililoandikwa kwa rangi nyeupe: S. AYUBU, WETE. Kaenda moja kwa moja, kamkumbatia, kalia begani kwake. Mihayo anasema alimwacha alie kwanza. Ndipo akasema, "Shikamoo dada. Mimi naitwa Mihayo. Yeye hakuweza."

Kampeleka nyumbani. Kamlisha. Picha imefika kwenye simu ya Limi: Mihayo kakalia kiti cha marehemu baba, kavaa kofia ya mkono ambayo Kijakazi alinishonea mimi. Inamkaa vizuri. Mbele yake sahani ya ukoko.

Kijakazi kanipigia jioni. Hakugomba. Kasema tu nilikuwa naogopa sindano tangu mdogo, na kwamba rafiki yangu anakula vizuri. Nikamwambia si rafiki yangu.

Jumamosi, 26 Februari

Mihayo karudi. Mweusi zaidi, mnene zaidi. Kiboko hakuona hata mmoja, na ameamua kunisamehe. Sanduku limerudi linanuka karafuu. Nimelifungua mara tatu.

Kofia hakuja nayo. Kijakazi alimvua mlangoni wakati wa kuaga. Kasema kofia ya Sabiti haitoki pale mpaka Sabiti aifuate.

Habari njema: Mayala anasema meli itakuja tena Agosti. Masharti yaleyale. Safari hii niko tayari! Nimekaa na kalamu nikachambua kosa langu, na kosa ni dhahiri: sikupaswa kuchagua mtu wa machimbo. Nimeshampata mwingine. Davis, mchunga ng'ombe wa upande wa Segese. Hajawahi kukanyaga mgodini. Anakunywa maziwa tu, yasiyochemshwa, moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe. Meno kama mahindi machanga. Nimemuuliza kama ana posa ya kuandikiwa. Anayo.

Limi kasema mkojo wangu mwenyewe ulikuwa safi. Nikamwambia hiyo ilikuwa Februari.

Jumatatu, 28 Februari

Jana Limi kakata tiketi mbili za basi. Kasema Dar es Salaam kuna boti kila siku, boti haina fomu, na kesho kutwa tutakula kwa wifi yake, ambaye kwa miaka arobaini na sita ya ndoa anamjua kwa sauti tu. Nikamkumbusha kiapo. Mashuka meupe. Kasema, "Yaya, hapana, Baba Safiya. Shuka nitakuchukulia la kwetu. Nimelifua."

Nikakataa. Mtu hawezi kungoja meli miaka hamsini na nane, kisha arudi kwa basi, na Mihayo ameshatangulia kwa meli. Watu wa Wete wataniuliza nini?

Hakubishana. Tiketi yangu kampa Eufrasia, mke wa Mihayo, aliyesema haiwezekani mumewe tu ndiye aijue bahari.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likasimama. Konda kaita, "Mwalimu! Kiti cha pembeni hapa kipo wazi!" Kangoja dakika mbili nzima. Limi alikuwa dirishani, shuka limekunjwa mapajani. Nilitoka. Nilitembea. Nilifika hatua ya ishirini na sita. Nikakumbuka kwamba saa tatu Davis anakuja kuchukua barua yake, nikasimama.

Basi likaondoka.

Davis hakuja. Nimekunywa chai, vijiko vitano, hakuna wa kuhesabu. Imetimia miaka hamsini na nane na siku ishirini na moja. Jirani yangu ameshafika kwetu. Mke wangu yuko njiani, na mke wa jirani pia. Mimi sitarudi.