Usaili wa Saa 7:00

Siku hiyo Tai aliikuta riziki yake ukumbini, imejipanga mistari sita kwenye viti vya plastiki, imevaa mashati yaliyopigwa pasi na kupakata laptopu.

Ulikuwa mkutano wa wahitimu wanaotafuta ajira. Mgeni rasmi aliwaeleza saa nzima kwamba kazi siku hizi haipatikani kwa vyeti, inapatikana kwa kujuana. "Msitoke humu kabla hamjajuana na watu!" alihimiza, kisha yeye na wakubwa wenzake wakatoka kwa mlango wa nyuma kabla ya kujuana na mtu. Akabaki mkubwa mmoja tu, naye hakuwa mkubwa. Alikuwa amefuata biskuti.

Waliomjua juujuu walidhani anaitwa Tai kwa sababu ya ile tai nyekundu isiyobanduka shingoni. Waliowahi kumwamini walikuwa wakimfikiria ndege.

"Mwanangu," alimwambia binti aliyesimama na bahasha mkononi asijue ampe nani, "unatafuta mtu wa kukushika mkono?"

"Shikamoo. Natafuta mtu yeyote, mzee."

"Basi umenipata mimi. Nina nafasi sita, ila sitaki kelele. Nipe namba yako, na za hao wenzako watano wanaoonekana wana adabu."

Nyumbani binti huyo aliitwa Kiherehere, maana kila mahali alifika kabla ya wenye shughuli. Jina alipewa na shangazi yake, fundi wa nguo, ambaye aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo ili mtoto wa kaka yake apate laptopu ya kusomea. Miezi saba tangu amalize chuo, Kiherehere alikuwa akimwona shangazi akishonea ile moja iliyobaki huku wateja wakinuna, na roho ikimuuma. Alikuwa ameapa kwamba mshahara wa kwanza ni cherehani.

Jioni ujumbe ukaingia: *Usaili kesho, saa 7:00. Njoo na laptopu kwa ukaguzi. Simu zote zitaachwa mapokezi. Mkurugenzi wa Rasilimali Watu.* Chini yake palikuwa na anwani ya kampuni ya kukodisha viti na mahema.

Kampuni ilikuwa ya kweli. Mkurugenzi ndiye hakuwepo. Shemeji yake Tai, mlinzi wa mchana hapo getini, alikuwa amemnong'oneza kwamba meneja huenda kula saa saba kamili, na kiti cha mapokezi kina mwezi mzima hakijakaliwa. Tai angekusanya laptopu "kwa ukaguzi," angeingia nazo ndani, na angetokea uani. Mpango ulikuwa safi kabisa.

Tatizo lilikuwa moja. Tai aliandika 7:00 akimaanisha saa saba mchana, kama tunavyohesabu binadamu. Wale watano walimwelewa. Kiherehere alitazama saa ya simu yake, ambayo 7:00 yake ni saa moja asubuhi. Saa moja kasoro robo alikuwa mlangoni, na mlinzi wa mchana bado yuko kwake anapiga mswaki.

Ndani alimkuta meneja, mama wa miwani minene, ana simu kila sikio. Dereva wa lori alikuwa akipunga karatasi.

"Mama, hapa pameandikwa 2:00. Viti mia nne vya harusi. Ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana?"

"Nitajuaje? Karani aliyeandika nilimfukuza kwa mambo hayohayo!"

"Shikamooni," alisema Kiherehere. "Si aulizwe mwenye harusi?"

Wawili hao waliendelea kubishana, kwa hiyo akachukua simu ya mezani akauliza mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana. Dereva alizima injini. Kiherehere akakaa, akavuta daftari, akawapigia wateja wote wa wiki hiyo, na kila oda akaiandika upya kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa kumi jioni. Ilipofika saa tatu ndipo meneja alipokumbuka kuuliza.

"Kwani wewe ni nani?"

"Nimekuja kwenye usaili, mama."

Meneja aliusoma ule ujumbe mara mbili. "Mwanangu, mkurugenzi wa rasilimali watu hapa ni mimi. Na rasilimali watu yenyewe ni dereva na mlinzi."

Kiherehere aliukumbatia mkoba wake akalia. Alilia kwa aibu, na kwa kufikiria atamwambia nini shangazi. Meneja alimwacha alie kidogo, kisha akamsogezea kitambaa na kalamu.

"Ukimaliza kulia, kiti hicho ni chako. Usaili wako umeanza saa moja na umefaulu. Sasa tumngoje mkurugenzi wetu."

Kiherehere aliwapigia wenzake watano. Siku ya mkutano walikuwa wamepeana namba wao kwa wao, kujuana pekee kulikotokea ukumbini.

Saa saba kamili meneja aliondoka na gari kama kawaida yake, akazunguka mtaa, akarudi kwa miguu kupitia uani. Tai aliingia akinukia manukato. Aliwakuta vijana watano wamekaa kwa adabu, mikoba imepangwa, na Kiherehere yuko mezani.

"Niliwahi, mzee, nikaona nikusaidie kupanga wenzangu."

"Hongera, binti! Utafika mbali."

"Na simu yako, mzee. Ujumbe ulisema zote."

Watu sita walimtazama. Mkurugenzi asiyefuata sheria yake mwenyewe angetiliwa shaka, naye Tai alikuwa mtu wa kanuni. Akaitoa simu, akabeba mikoba sita, akafurahia uzito wake, akapenya mlango wa nyuma.

"Ah, vigingi vimefika!" dereva alimlaki uani. "Pandisha, ndugu."

"Vigingi gani? Hizi ni laptopu."

Dereva alifungua mkoba mmoja. Wakachungulia pamoja. Vilikuwa vigingi vya hema, vya chuma, vimepakwa grisi.

"Mkurugenzi!" Meneja alitokea stoo. "Karibu kwenye kampuni yako. Leo tuna upungufu wa rasilimali watu. Viti mia nne au kituo cha polisi, chagua mwenyewe."

Tai alitazama getini. Shemeji alikuwa akilifunga geti huku akichunguza mawingu.

Alipopandisha kiti cha mwisho, shati limemganda mgongoni, alidai simu yake. Kiherehere alimpa kikaratasi: *Simu ichukue kesho, 1:00.*

Tai alikuna kichwa njia nzima. Mwishowe akaamua mtu wa mjini hapigwi chenga mara mbili, na saa moja asubuhi alikuwa getini, ambako shemeji alimuuliza, "Unamtafuta nani, ndugu?"

Uani lilisimama lori, limerudi na viti mia nne kutoka harusini.

"Mzee, 1:00 ya simu ni saa saba mchana," alisema Kiherehere kwa upole wote. "Lakini maadamu umewahi..."

Dereva akamrushia glavu. Tai akavua tai.